Kijana Mrefu na Kiti cha Rubani

Wanachama wengi wamekwisha kusikia, maana habari za barazani hazilali, kwamba mwisho wa msimu uliopita mwanachama wetu mmoja wa upande wa kaskazini alifika afisini pamoja na mwanawe aliyemaliza kidato cha sita. Kijana aliinama kupita mlangoni, akainama tena kulikwepa pangaboi. Tulimsimamisha ukutani tukampima: futi 6 na inchi 5, yaani sentimita 196. Waliokuwa wakingojea malipo yao walicheka sana. Mmoja akasema kwamba huyu kaletwa duniani achume karafuu bila ya ngazi. Kijana alicheka pamoja nao, walakini baba yake hakucheka, kwani alikuwa na jambo zito.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana ataka kuwa rubani wa ndege za abiria. Hesabu na Fizikia amefaulu vizuri. Skuli moja ya urubani ya ng'ambo, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imemwandikia kwamba nafasi anayo, ila atangulize fedha kabla ya mwisho wa mwezi, na fedha hizo zikishalipwa hazirudi. Baba hana fedha taslimu. Ana mikarafuu arobaini aliyoachiwa na marehemu baba yake, na tajiri mmoja yu tayari kuishika rehani. Basi alitaka mkopo wa Mfuko wetu wa Elimu, na kama haupatikani, tuwe mashahidi wa rehani hiyo.

"Lakini Katibu," akasema, "watu wananambia ndege haimchukui rubani mrefu kama huyu. Mimi sijui kweli wala uwongo. Nisije nikaitoa mikarafuu ya baba, kisha mtoto akarudishwa mlangoni."

Twakiri kwamba siku ile hatukuwa na jawabu. Tulimwomba atupe wiki mbili na asitie saini yoyote. Kuuliza si ujinga. Tukauliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika hapa kwa kuwa si mwanachama huyu peke yake mwenye mtoto mrefu na hamu ya kazi ya mbali.

MTU MREFU ALIYEJIFUNZA KURUKA NAIROBI

Mfano wa kwanza tuliupata karibu na kwetu. Wasomao Kiingereza wanamjua Roald Dahl kwa vitabu vyake vya watoto. Lakini kabla ya vitabu hivyo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, alikofika mwaka 1938, na huko akajifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939 alipanda gari hadi Nairobi kuomba kuingia katika Jeshi la Anga la Uingereza. Umri wake ulikuwa miaka 23, na urefu wake futi 6 na inchi 6, yaani amempita kijana wetu kwa inchi moja.

Katika kitabu chake cha Going Solo, kilichotoka mwaka 1986, ameeleza kwamba daktari aliyempima aliona urefu ule haumfai sana mrusha ndege. Lakini daktari yule akatazama maagizo aliyopewa, hakuona mpaka wowote wa urefu, basi akampasisha.

Ndege ya kujifunzia ilikuwa Tiger Moth, ndege ndogo ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, isiyo na paa. Mbele ya rubani palikuwa na kioo kidogo cha kukinga upepo. Kwa wenzake kioo kile kilitosha. Kwa Dahl kichwa kilikipita kioo, na upepo ukampiga usoni hata akawa hawezi kuvuta pumzi. Dawa aliyoipata ni kujifunga kitambaa chepesi puani na mdomoni. Akajifunza hivyo, akafaulu, na mwaka 1941 akapigana Ugiriki katika ndege ya Hurricane, ambayo chumba chake kilikuwa chembamba na miguu yake mirefu ikabidi ikunjwe. Kilichomwondoa katika urushaji ni maumivu ya kichwa yaliyotokana na ajali aliyoipata jangwani Septemba 1940. Urefu haukumwondoa.

Tusije tukaupokea mfano huu kwa furaha tupu. Wakati ule ulikuwa wa vita, na jeshi lilikuwa na haja ya watu. Tena kuwa hapana amri ya kukataza hakukumfanya Dahl aenee katika ndege. Palibaki upepo na palibaki magoti. Basi maswali ni mawili: sheria yasemaje, na ndege yenyewe yasemaje?

SHERIA YASEMAJE

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ndilo linaloweka kanuni ambazo nchi zote wanachama, Tanzania ikiwamo, hutungia zao. Kanuni zake za afya ya rubani zataka macho, masikio, moyo, akili na viungo viwe katika hali ya kuiongoza ndege kwa salama. Hazikutaja futi wala inchi.

Ile hesabu ambayo watu huitaja barazani yatoka mahali pengine. Marekani wanayo kanuni ya utengenezaji wa ndege kubwa za abiria, isemayo kwamba usukani na vyombo vyote vya kuongozea viwekwe kwa namna ambayo mtu yeyote wa urefu kati ya futi 5 na inchi 2 na futi 6 na inchi 3, akiwa ameketi na amefunga mikanda, aweze kuvizungusha mpaka mwisho bila ya kuzuiliwa na kitu. Ulaya nao wana kanuni ya vipimo hivyo hivyo, yaani kiasi cha sentimita 158 mpaka 190.

Twaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri. Kanuni hii yamfunga mtengenezaji wa ndege, haimfungi rubani. Ni kama fundi anayeshona makoti ya kuuza dukani, akaahidi kwamba koti lake litamkaa kila mtu wa kimo fulani mpaka kimo fulani. Mtu aliyepita kimo hicho hakukatazwa kulivaa, ila ahadi ya fundi haimfikii. Alijaribu, huenda likamkaa, na huenda mikono ikaishia kwenye viwiko. Kijana wetu ameupita mpaka huo kwa inchi mbili. Kwa hiyo hakukatazwa, wala hakuahidiwa. Lazima ajaribu.

KITI, JICHO NA GOTI

Kwa nini ajaribu kiti, asipimwe ukutani tu ikaisha? Kwa sababu rubani hafanyi kazi yake akiwa amesimama. Watu wawili wa kimo kimoja waweza kuketi kwenye benchi moja, mmoja akampita mwenzake kwa kichwa kizima, kwani mmoja urefu wake uko kiwiliwili na wa pili urefu wake uko miguuni. Wachumaji wetu wanalijua hili: katika tawi moja la mkarafuu mwenye mikono mirefu hufika ncha, na mwenye miguu mirefu hutafuta pa kuiweka.

Jambo la kwanza ni jicho. Kila ndege kubwa imetengenezwa kwa kukisia mahali maalumu ambapo jicho la rubani litakuwa. Akiwa hapo, aona vyombo vilivyo mbele yake, na juu ya vyombo hivyo aona njia ya kutulia. Katika ndege za Airbus kuna vipira vidogo vilivyowekwa katikati ya vioo vya mbele. Rubani hupandisha na kushusha kiti mpaka kipira kimoja kikifiche kingine, ndipo ajue kwamba jicho limefika mahali pake. Mfupi akikaa chini mno, pua ya ndege humficha sehemu ya ardhi, na katika ukungu sehemu hiyo ndiyo anayoihitaji zaidi. Mrefu wa kiwiliwili yeye hushusha kiti mpaka mwisho, na kama jicho bado liko juu, basi paa na ubao wa swichi ulio juu ya kichwa huwa karibu mno.

Jambo la pili ni goti. Mrefu wa miguu hurudisha kiti nyuma, na pedali za miguuni nazo husogezwa mbele. Lakini kiti kina mwisho wake. Akifika mwisho na miguu bado imekunjika, mapaja huinuka, na usukani ukizungushwa hugonga goti. Hili si jambo la starehe. Siku ya upepo wa ubavuni, wakati wa kutua, rubani huenda akauhitaji usukani wote mpaka mwisho, na pedali yote, na breki, kwa mara moja. Goti likizuia siku hiyo, wanaoumia ni abiria.

Ndege nazo si sawa. Boeing 737, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, ina usukani wa katikati, mbele ya mapaja ya rubani, na marubani wengi hukisema chumba chake kuwa kidogo. Airbus A320, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1987, haina usukani wa katikati. Ina kijiti pembeni mwa kiti, na mbele ya rubani ni pahala wazi. Air Tanzania nayo ina namna zote mbili: Airbus A220, alizoanza kuzipokea Desemba 2018, ni za kijiti cha pembeni, na Dash 8 pamoja na Boeing zake ni za usukani wa katikati. Vindege vya Cessna Caravan tunavyoviona vikitua hapa Pemba navyo ni vya usukani. Lakini kijana asijidanganye kwamba atachagua. Anayeajiriwa hurusha ndege aliyopewa.

MASHIRIKA NA MAJESHI

Juu ya sheria, kila mwajiri aweza kuweka kipimo chake. Skuli ya marubani ya Lufthansa ya Ujerumani imekuwa ikitaka vijana wa sentimita 165 mpaka 198. Kijana wetu angeingia, na zingebaki sentimita mbili.

Jeshi la Anga la Marekani kwa miaka mingi lilitaka marubani wa inchi 64 mpaka 77 wakisimama, na inchi 34 mpaka 40 wakiketi. Kijana wetu ana inchi 77 barabara. Mwaka 2020 jeshi hilo likakiondoa kile kipimo cha kusimama kwa wanaoomba, na sasa kila mtu hupimwa viungo vyake, kisha hutazamwa ataenea katika ndege gani. Sababu yake ni kwamba kipimo cha zamani kiliwafungia nje watu wengi, hasa wanawake wafupi, ambao ndege nyingine zingewachukua bila ya taabu. Basi wenye mabinti wenye hamu ya kazi hii nao wasikate tamaa kwa maneno ya barazani. Kwa mfupi pia, neno la mwisho ni kama mkono na mguu vyafika.

Ndege za kivita zina sababu yao zaidi ya ukali. Kiti cha ndege hizo hurushwa nje wakati wa hatari, na mwenye paja refu mno aweza kuvunjika magoti katika ukingo wa chumba. Ndege ya abiria haina kiti cha namna hiyo.

DAKTARI

Kijana atakayekuwa rubani wa biashara lazima apate cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, kutoka kwa daktari aliyekubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Miwani peke yake haimzuii mtu, maadamu akiivaa aona sawasawa. Kutotofautisha rangi, kifafa na maradhi ya moyo huwazuia wengi kuliko urefu.

Kwa warefu sana na wembamba kuna neno moja la kuongeza. Yako maradhi ya kuzaliwa nayo yaitwayo Marfan, ambayo mwenye nayo mara nyingi huwa mrefu, mwenye vidole virefu, na mshipa mkubwa wa moyo pamoja na macho vyaweza kuwa na udhaifu. Warefu walio wengi hawana maradhi haya. Lakini daktari akikaa kitako kuusikiliza moyo wa kijana wako na kumtazama vidole, usikasirike. Maradhi hayo yakijulikana mapema yanaangaliwa. Yasipojulikana yaweza kuua, awe mtu yu angani au yu shambani.

KUJIPIMA NYUMBANI

Kabla ya kulipa nauli ya boti, vipimo vitatu vyaweza kuchukuliwa nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Kijana akae juu ya benchi gumu, mgongo na kichwa vikigusa ukuta. Kwanza, kutoka benchi mpaka utosini. Pili, kutoka ukutani mpaka mbele ya goti. Tatu, kutoka sakafuni mpaka juu ya goti, akiwa na viatu. Yaandikwe, na yapelekwe kwa skuli ya urubani pamoja na swali hili: ndege mnazofundishia ni za aina gani, na mtamruhusu aketi kabla ya kulipa?

Tulimpima kijana wetu hivyo hivyo. Akiketi ana sentimita 98, yaani inchi 38 na nusu. Urefu wake basi uko miguuni zaidi kuliko kiwiliwili: kutoka ukutani mpaka gotini ni sentimita 66. Tukajua kwamba kichwa chake hakitamtaabisha sana, ila magoti yataka kutazamwa.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Tulimwandikia barua ile skuli ya ng'ambo iliyotaka fedha za mbele. Jawabu likaja kwamba ndege zao zote za kufundishia ni Cessna 152, zenye viti viwili, na kwamba kuketi kabla ya kulipa si desturi yao.

Kijana akavuka kwenda Dar es Salaam, akapata mwalimu mmoja wa urubani mwenye roho nzuri aliyemruhusu kuketi bila ya malipo. Waliianza Cessna 152 hiyo hiyo. Kiti kilirudishwa nyuma mpaka mwisho, na bado usukani haukuzunguka nusu kabla ya kulikuta goti. Mwalimu akasema hapa haiwezekani, na si salama. Kisha wakaingia katika Cessna 172, yenye viti vinne. Kiti kikarudi nyuma zaidi, usukani ukazunguka mpaka mwisho kulia na kushoto, pedali zikashuka zote, na kichwa hakikugusa paa. Mwalimu alimrudishia jambo hilo mara tatu, akamwambia avae viatu vya soli nyembamba.

Cheti cha Daraja la Kwanza nacho amekipata, baada ya daktari kumpeleka apigwe picha ya moyo kwa uangalifu. Moyo ni mzima.

Mzee hakuitia mikarafuu yake rehani. Angetanguliza fedha mwezi ule, zingekwenda kwa skuli ambayo ndege zake mwanawe hawezi kuzirusha.

Lililobaki ni refu kuliko kijana mwenyewe, nasi hatulifichi. Leseni ya rubani wa biashara yataka umri wa miaka 18 na, kwa kanuni za ICAO, saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyefuata mafunzo yaliyokubaliwa. Leseni ya juu, ile ya kuwa nahodha wa ndege ya abiria, yataka miaka 21 na saa 1,500. Kila saa ina gharama, na wapo waliomaliza leseni ya kwanza wakakaa muda mrefu bila ya kazi. Cheti cha afya hufanywa upya kila mwaka, na umri ukiendelea huwa mara nyingi zaidi. Na mwajiri wa baadaye atampima tena katika ndege yake. Mwenye kuingia njia hii aingie akiyajua hayo.

Kamati imeamua mambo mawili. La kwanza, tangu sasa ombi lolote la mkopo kwa mafunzo ya urubani, la mrefu au mfupi, mvulana au msichana, halitasomwa mpaka liwe na cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, na barua ya mwalimu kwamba mwombaji ameketi katika ndege atakayofundishiwa na ameenea. La pili, ombi la kijana huyu, ambaye vyote viwili anavyo, litapelekwa mbele ya Mkutano Mkuu. Mfuko hautoshi kumlipia yote, ila waweza kumlipia mwanzo. Rai yetu ni kwamba apewe. Uamuzi ni wa wanachama.

Wakati akingojea amerudi shambani kwa baba yake, na msimu huu yumo katika wachumaji. Ngazi anatumia kama wengine.

Sisi tuliokuwa afisini siku ile tulicheka pamoja na waliokuwa barazani. Kwa hilo tumekwisha kumtaka radhi yeye na baba yake.

Mwenye swali juu ya vipimo au juu ya Mfuko wa Elimu afike afisini siku yoyote ya kazi, asubuhi. Futi ya kupimia tunayo.

Katibu wa Chama